Neno Lililotoka Uani

Nyaboke Ondieki alikuwa na miaka arobaini na mbili alipoitwa mchawi na mtu aliyempenda. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshakuwa kali juu ya mapaa ya Al Thumama, mtaa mmoja wa Doha, na aliyemwita hivyo alikuwa ajuza wa Kijerumani ambaye Nyaboke alikuwa ametoka kumkanda bega.

Kwanza tumjue Nyaboke mwenyewe. Ni Mkisii wa Nyamira, mzaliwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mdogo wake, Collins, ni mwalimu wa shule ya msingi huko huko nyumbani. Nyaboke alifika Doha kufanya usafi katika hoteli moja ya West Bay, ghorofa ya kumi na tisa mpaka ya ishirini na mbili, na kwa miaka mitatu alitandika vitanda vya watu ambao hakuwahi kuwaona sura. Siku zake za mapumziko alizimalizia darasani akisomea utunzaji wa wazee, akapata cheti, akahamia kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mgumu wa kuomba msaada. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Akikasirika hapigi kelele hata kidogo. Hunyamaza, na kunyamaza kwake hujaza nyumba.

Mgonjwa wake aliitwa Irmtraud, mwenye miaka themanini na mmoja. Mwanawe, Volker, alikuwa injinia mwenye mkataba uwanja wa ndege, na mama yake alipopigwa na kiharusi kule kwao, alimleta Doha kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumtazama. Kiharusi kilimwachia mkono wa kulia mzito, na maneno yakawa yanamponyoka. Hilo lingemuumiza mtu yeyote, ila yeye lilimuumiza zaidi, maana kazi ya maisha yake ilikuwa maneno. Kwa miaka thelathini na sita alifanya kazi katika ofisi ya kamusi kaskazini mwa Ujerumani, akizunguka vijijini kwa baiskeli, akiwauliza wakulima wanauitaje mlango wa zizi, wanayaitaje manyunyu, wanamwitaje kuku anayetaka kuatamia. Kila jibu aliliandika kwenye kadi: neno lenyewe, nani alilisema, wapi, na lini. Kadi zake mwenyewe, kama elfu nne hivi, zilimfuata kwa meli katika sanduku la mbao ambalo Volker aliliona halina faida yoyote, lakini hakuthubutu kuliacha.

Siku ya kwanza Nyaboke alimwita "madam", kama wafanyakazi wanavyosema Doha nzima. Bibi akatikisa kichwa, akataka aitwe Irmtraud. Nyaboke naye akakataa. Mtu wa umri wa nyanyake hangeweza kumwita kwa jina tupu kana kwamba waliruka kamba pamoja. Walivutana siku mbili kwa Kiingereza cha vipande vipande, wakakutana katikati: Mama Traudi.

Wakenya wengi walioko Doha wanajifunza Kijerumani siku hizi, wakitafuta nafasi za uuguzi Ujerumani, na Nyaboke alikuwa miongoni mwao. Mtaalamu wa kliniki naye alikuwa amesisitiza kwamba Mama Traudi azungumzishwe kila siku. Basi haja zao zikakutana mezani. Baada ya chai Nyaboke alinyanyua kijiko, Mama Traudi akatafuta jina lake, na likija wakalirudia wote wawili, mmoja akijifunza na mwingine akikumbuka. Neno likikataa kuja, Nyaboke alikiweka kijiko chini, akachukua kitu kingine bila kusema lolote wala kuonyesha huruma usoni. Mama Traudi alimpendea hilo kuliko dawa zote alizompa.

Sasa asubuhi yenyewe. Mama Traudi alikuwa ameamka na maumivu ya bega, hawezi hata kushika kikombe. Nyaboke aliloweka taulo katika maji ya moto yenye tangawizi, akalikamua, akalifunga begani, kisha akakanda polepole kuanzia shingoni, kama mama yake alivyokuwa akimkanda yeye akitoka kuchuma chai. Dakika ishirini zikapita. Mama Traudi akainua mkono mpaka usawa wa kidevu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu augue. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akacheka, akamshika Nyaboke shavu, akasema, "Du Hexe."

Nyaboke hakulijua neno hilo. Alitabasamu, akaenda jikoni kumwaga maji, akatoa simu mfukoni na kuliandika. Simu ikamjibu: mchawi.

Alibaki amesimama pale, mkono mmoja kwenye sinki.

Baba yake alifariki Nyaboke akiwa na miaka kumi na minne. Mwaka uliofuata, watu walianza kumwita mama yake omorogi, yaani mchawi. Hakuna aliyelisema usoni pake. Mama akifika kwenye foleni ya posho mill, kinu cha kusagia unga, wanawake waliokuwa mbele yake walikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni. Mtoto wa jirani akiharisha, macho yaligeukia nyumba yao. Nyaboke alipopata mchumba, upande wa mvulana ulikuja mara moja, ukanywa soda, usirudi tena. Huko Kisii kuna akina mama wazee waliochomewa nyumba kwa sababu ya neno hilo, na Nyaboke alilala akilifikiria hilo miaka yote ya ujana wake. Huko Doha alilificha. Hata Terry, rafiki yake mkubwa kutoka Nyeri anayeishi mtaa wa Najma, hakuwahi kuambiwa. Na leo limemfuata mpaka kwenye jiko hili safi, kwa lugha aliyokuwa akijibidiisha kuijua.

Alinyamaza siku nne. Kazi hakuiharibu; dawa zilitolewa kwa saa yake, shuka zilibadilishwa, uji haukuwa na mabonge. Lakini kijiko hakikunyanyuliwa mezani. Mama Traudi alimfuata kwa macho chumba kizima. Siku ya tatu aliacha kula mchana. Siku ya nne Nyaboke alimsubiri Volker mlangoni arudi kutoka kazini.

"Bosi," alisema, "naomba utafute mtu mwingine. Nitakaa mpaka apatikane."

Volker aliweka begi chini. "Mama amekukosea?"

"Ameniita mchawi."

"Amekuitaje hasa?"

Nyaboke alilitamka neno lile. Volker akawa mwekundu mpaka masikioni. Alieleza, akijikwaa, kwamba kwao mama humwita hivyo binti yake mtundu, au mtu aliyefanya jambo lisiloelezeka vizuri, kwa kumsifu. Kwamba mama yake alikuwa akimshukuru.

"Kwetu hakuna mtoto anayeitwa hivyo," Nyaboke alisema. "Kwetu likitamkwa, nyumba inaungua."

 Volker aliingia chumbani kwa mama yake, mlango ukafungwa, na kwa muda mrefu Nyaboke alisikia sauti yake peke yake. Kisha akasikia kilio cha Mama Traudi, kilio cha mtu asiyepata maneno ya kulilia. Mlango ukafunguliwa. "Anataka sanduku," Volker alisema. "Na anakutaka wewe."

Walilibeba sanduku wawili, wakaliweka miguuni pake. Mama Traudi aliinama mwenyewe, akapitisha vidole juu ya kadi mpaka herufi aliyoitaka, akatoa kadi nane au tisa zilizofungwa kwa uzi. Akampa Nyaboke ya kwanza, akamwonyesha kiti akae.

Yaliyofuata yalichukua karibu saa mbili, maana kila sentensi ilikuwa kama kupanda ngazi. Volker alisaidia pale mama yake alipokwama, lakini mara nyingi alizuiwa kwa mkono: subiri, linakuja.

Neno hilo, Mama Traudi alisema, ni fupi leo kwa sababu limechakaa. Zamani, miaka elfu moja iliyopita, watawa waliliandika kwa urefu: hagazussa. Waingereza wa kale walikuwa na ndugu yake, na mpaka leo bibi kizee mbaya wanamwita hag, kipande kilichobaki cha neno hilo hilo. Waholanzi wanasema heks. Wadenmaki na Waswidi walilikopa baadaye kutoka kwa wafanyabiashara wa Kijerumani.

"Na maana yake?" aliuliza Nyaboke. Alikuwa ameuliza kwa ukali kuliko alivyokusudia.

Mama Traudi aliweka kidole kwenye mwanzo wa neno. "Hag," alisema. Akatafuta neno la Kiingereza, likamkimbia. Akachora hewani kwa mkono wake mzima, mstari mrefu, vijiti vimesimama.

"Ua," Volker alisema kwa Kiingereza. "Ua wa miti, unaozunguka shamba."

"Ua," Nyaboke alirudia kwa Kiswahili.

"Nusu ya pili hatujui," Mama Traudi akaendelea. "Labda pepo. Wanorwei wana neno la vijijini linalofanana nalo, la kiumbe kama jini. Labda ni kitu kingine. Watu wamebishana miaka mia mbili." Akatoa kadi nyingine. Waskandinavia wa kale walimwita mwanamke wa namna hiyo mpanda-ua, eti usiku hukaa juu ya ua, mguu mmoja shambani, mwingine porini. Wengine walimwita mwenye fimbo. Wa kwao yeye, kaskazini, hawakutumia neno la ua hata kidogo. Walikuwa na lao, lenye uhusiano na uganga, na huenda na rangi nyekundu ambayo watu wa kale walipaka maandishi yao ya kichawi. Witch ya Waingereza nayo ina mizizi tofauti kabisa, na wanaoichimba hawakubaliani: huyu anasema inatokana na kubashiri, yule anasema kuamsha wafu, mwingine anasema vitu vitakatifu.

"Sasa hili la ua lilifikaje kwenu, kama mlikuwa na lenu?"

Swali hilo lilimfurahisha Mama Traudi mpaka uso ukang'aa, kwa kuwa ni swali la mtu wa kamusi. Aliinua kadi ya mwisho, ya zamani kuliko zote. Neno lilitoka kusini, alisema, huko milimani, kama miaka mia tano au mia sita iliyopita. Lilipanda kaskazini pamoja na kesi za uchawi. Mahakimu walikuja na karatasi, na neno lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi. Mahali ambapo watu hawakuwahi kulisikia, wakajifunza kulisema, na wakajifunza nani wa kuliambatisha naye.

Nyaboke alizigeuza kadi moja moja. Nyingine alizielewa, nyingine hapana. "Hapa mmeandika nani alisema, wapi, na mwaka gani," alisema. "Huyu aliyeitwa hivi alikuwa amefanya nini?"

Mama Traudi alizigeuza kadi zake mbele na nyuma. "Hakuna," alisema. "Hatukuwahi kuandika hilo."

Akaomba msamaha kwa Kijerumani, taratibu, neno kwa neno, ili Nyaboke ayaelewe yote. Nyaboke aliyaelewa. Akainuka, akaenda kupika uji, na bibi akala bakuli zima.

Lakini lile neno, ua, halikumtoka kichwani, maana shamba la kwao nalo lilikuwa na ua. Ijumaa, siku ya mapumziko na ya ibada kule Doha, baada ya kanisa, alikaa chumbani kwa Terry kule Najma akampigia mama yake simu. Mama yake anaitwa Sabina, mwanamke mwembamba mwenye mzaha mkavu, na kama kawaida aliishika simu mbali na uso, akawa anaonekana kitambaa cha kichwa tu.

"Mama, baba alipokufa, ule ua wa michongoma tuliupanda lini?"

"Swali gani hilo la Ijumaa?"

"Nijibu tu."

Mama alifikiri. Baada ya mazishi, alisema, mawe ya mpaka upande wa chini yalianza kutembea. Leo jiwe lipo hapa, baada ya mvua lipo hatua moja ndani ya migomba. Alipochoka kuyarudisha, alinunua miche ya michongoma akaipanda mpakani peke yake kwa siku tatu, watoto wakiwa shuleni. "Mwiba hauhamishwi kwa mguu," alisema.

"Na lile neno lilianza lini?"

Simu ikasogea, uso wa mama ukaonekana wote. Hawakuwa wamewahi kulizungumza, miaka ishirini na saba.

"Msimu ule ule," mama alisema. "Michongoma ilikuwa imefika magotini. Wewe ulidhani ni nini?"

"Nilidhani..." Nyaboke alishindwa kumaliza.

"Ulidhani pengine ni kweli."

"Nilikuwa mtoto, Mama."

"Najua. Mimi nilijua wewe ndiye unayelibeba. Mimi nililiacha pale pale kwenye foleni, nikarudi na unga wangu. Wewe ukalichukua, ukavuka nalo bahari."

Nyaboke alilia kwa mara ya kwanza tangu aje Doha, na mama yake akamngoja, akimfokea kuku fulani pembeni ili asionekane kama anamsikiliza. Terry, aliyekuwa akikata sukuma wiki pale pale, aliweka kisu chini. Simu ilipokwisha aliambiwa yote. Hakusema pole. Alisema, "Na kwetu ni murogi. Shangazi yangu aliitwa hivyo kwa sababu ya kuwa na mtungi mkubwa wa maji." Kisha akaendelea kukata mboga, na Nyaboke akaona kifua kimekuwa chepesi.

Jumapili aliingia kazini na kadi yake mwenyewe, iliyokatwa kutoka boksi la majani ya chai. Ameandika omorogi, Nyamira, Sabina. Murogi, Nyeri, Terry. Mama Traudi aliivaa miwani yake akaisoma mara mbili. Akamwita Philipo, Mganda anayeendesha gari la nyumba ile, akamuuliza kwao wanasemaje. Philipo, mtu wa kanisa sana, aliona aibu kulitamka mbele ya wanawake wawili. Mwishowe akasema, "Omulogo." Nyaboke aliongeza mlozi, la Kiswahili, akayapanga: roga, roga, loga, loga. Ni neno moja lililotembea kwa miguu kutoka Ziwa mpaka Pwani. Kwa wiki nzima walifanya hivyo, na maneno ya Mama Traudi yalianza kurudi kwa wingi kuliko yalivyowahi kurudi kwa vijiko. Mtaalamu wa kliniki aliuliza wametumia mbinu gani. Nyaboke alifunika mdomo akacheka.

Mwezi Mei Collins alipiga simu katikati ya wiki, jambo asilolifanya. Baba yao mdogo, Omwenga, anayeishi upande wa chini wa ule ua, alikuwa anataka ardhi ya ukoo ipimwe upya ili agawe na kuuza. Ndama wake alikuwa amekufa. Na neno lilikuwa limeamka. Vijana walipita mchana kweupe wakarusha mawe juu ya bati la mama. Chifu ameitisha kikao Jumamosi, saa nne.

"Mama anasemaje?" aliuliza Nyaboke.

"Anasema hakimbii kokote. Anasema ana maharagwe ya kuvuna."

Nyaboke alimweleza Mama Traudi kwa Kijerumani kilichopinda kila upande. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.  Alichomoa kadi moja tupu akaiweka mezani, akagonga kwa kidole mahali pa kuandikia, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu: nani, wapi, lini.

Saa za Doha na za Nyamira ni zile zile. Jumamosi saa nne Nyaboke alikaa jikoni, Mama Traudi kando yake kwenye kiti cha magurudumu, na Collins, aliyefika na mama yao, akaiweka simu juu ya meza ya chifu, sauti ikiwa juu kabisa. Watu walizungumza kwa zamu. Omwenga alieleza habari za ndama, kwa huzuni. Hakulitaja neno, wengine walimtajia. Kijana mmoja, Bradley, alisema kijiji kizima kinajua habari za mama huyu.

"Yule wa Qatar ana la kusema?" chifu aliuliza.

"Ninalo, chifu. Shikamoo wazee. Mimi sina hotuba. Naomba kila anayesema mama yangu ni mchawi atuambie alilisikia kwa nani, wapi, na lini. Basi."

Pakawa na minong'ono. Chifu alisema swali ni la haki. "Bradley, anza."

"Mimi nimekua nikilisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa mama."

Mama yake Bradley alikuwepo. Alisema yeye alilisikia posho mill, alipokuwa ameolewa juzi juzi. Kwa nani? Akasitasita. Kwa Phoebe, mwenye posho mill. Mwingine naye akasema Phoebe. Wa tatu akasema mume wake, aliyelitoa kwa Phoebe.

Phoebe alikuwa amekaa nyuma, mkongwe sasa, ameshika bakora. Nyaboke alimwita kwa heshima. "Mama Phoebe, na wewe?"

Bakora iligonga sakafu.

"Kwa Omwenga," sauti ya bibi ilikuja kutoka mbali. "Alikuja kusaga mtama. Mvua zilikuwa za vuli. Akasema, mwone yule omorogi, amepanda miiba mpakani, mwanamke wa kawaida hafanyi hivyo. Mimi nikalisema kwa mwingine. Sikujua litafika wapi. Sabina, nisamehe."

Huko Doha Nyaboke aliandika jina hilo kwenye kadi. Maisha yake yote alidhani neno lile lilitoka kwa kila mtu, kama mvua. Kumbe lilikuwa na mdomo mmoja, na siku yake, na gunia lake la mtama.

Chifu alikohoa. Akasema ardhi itapimwa kwa ramani, mbele ya pande zote mbili, na kwamba sheria ya nchi inamshika pia anayemwita mwenzake mchawi. Vijana walisikie hilo vizuri. Omwenga hakuomba msamaha. Aliondoka kabla ya maombi ya kufunga, akidai ana mgonjwa. Sabina, alipoulizwa kama ana neno, alisema tu, "Phoebe, nitaleta mahindi Jumatatu."

Wapimaji walipokuja, waligundua kwamba ua wa michongoma ulikuwa hatua moja na nusu ndani ya shamba la Sabina mwenyewe. Ardhi yake ilipita ua. Collins alitaka michongoma ihamishwe. Mama alimwambia amechoka kuchomwa na miiba, aiache ilipo, na kwenye hicho kipande cha nje apande nyasi za ng'ombe.

Si kila mtu alibadilika. Wapo ambao mpaka leo wakimwona Sabina hupita upande wa pili. Lakini mawe hayakurushwa tena, na kwenye foleni ya posho mill sasa ana watu wawili watatu wa kuzungumza nao, naye husema wawili wangetosha.

Mama Traudi alitaka sana kumwona. Wakapanga wazungumze kwa video Ijumaa moja, Nyaboke akiwa mkalimani. Wanawake wawili wakongwe walitazamana, kila mmoja akichunguza mikunjo ya mwenzake. Kisha Mama Traudi akauliza michongoma inaitwaje kwa Kikisii, Sabina akamjibu, na kalamu ikaombwa. Waliendelea hivyo saa nzima: jembe, mpini, kiota cha kuku, moshi wa kuni mbichi. Nyaboke alipochoka kutafsiri akanyamaza, wao wakaendelea bila yeye, mmoja akiinua kitu, mwingine akikitaja.

Mtihani wa Kijerumani Nyaboke aliupita mwezi wa Septemba. Mkataba wa Volker ulimalizika mwaka uliofuata, na mwezi Juni Philipo aliwapeleka uwanja wa ndege, mama na mwana warudi kwao, Nyaboke akiwasindikiza. Mama Traudi alikuwa amevaa soksi mbili mbili kwa kuogopa baridi ya ndani ya ndege. Alimshika Nyaboke mkono kwa ule mkono wa kulia, akamwambia hospitali ya Ujerumani iliyokubali kumwajiri iko kilomita arobaini tu kutoka kwake, kuna treni, na treni ya saa tatu asubuhi ndiyo nzuri kwa kuwa haina wanafunzi. Aliyasema yote bila kukwama. Hawakulia hapo, kila mmoja alijifanya anatafuta pasipoti.

Sasa Nyaboke anaishi na Terry kule Najma, akingoja karatasi zake za safari. Mchana hushika zamu kwa mgonjwa mwingine, mzee wa Kisudani asiyependa kuzungumza. Jana mama yake alimpigia kumuuliza kama ni kweli huko aendako theluji hufika dirishani. Nyaboke alisema ameambiwa hufika mara moja moja. Mama alifikiri, kisha akasema atamfumia sweta, la kijani kibichi, ila asitarajie lifike kabla ya mavuno, maana mikono yake siku hizi haina haraka.